Lugha Uliyonijia Nayo

Mwanangu Perisi,

Usishtuke kuona barua ya baba yako gazetini. Nilimwandikia mhariri nikamwomba nafasi, nikamwambia asirekebishe kitu isipokuwa herufi. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, ujumbe ukafika Dodoma hata sijafunga dirisha. Lakini jambo ninalotaka kukuomba radhi nilikutendea mbele ya darasa zima la Kidato cha Pili, na wale waliokuwepo, leo ni watu wazima wenye watoto, na huenda baadhi yao wanasoma hapa. Siwezi kukufedhehesha hadharani halafu nije kukuomba radhi chumbani.

Kitu cha pili kitakachokushtua ni hii lugha. Ni miaka kumi na sita sasa mimi na wewe hatujasemezana Kiswahili. Mtu asiyetujua akisikia hivyo atadhani tuna maringo. Acha adhani.

Kila Jumapili ukitoka kanisani unanipigia. "Good afternoon, Sir. How are you getting on?" Unauliza naendeleaje. Nami najibu kwamba naendelea vizuri, kwa sentensi iliyonyooka kama nguo ya pasi. Unauliza dawa za presha. Unauliza kama mvua imenyesha huku Mpwapwa. Kisha unaaga. Nikishakata simu naiweka palepale dirishani, maana ndipo penye mtandao, nakaa kwenye kigoda cha mama yako nikitazama uani. Hapo ndipo nyumba inapokuwa kubwa, mwanangu. Vyumba vitatu tu, nilivijenga mwenyewe, lakini siku hizi nikikohoa chumba cha mbele nasikia kikohozi kinanijibu jikoni.

Nikwambie ukweli wa hiyo "getting on". Siendelei vizuri. Nasonga ugali wa mtu mmoja, na mkono umezoea maji ya watu wawili, kwa hiyo kila siku nabakiza. Kuku wamenenepa mpaka wanatembea kwa shida. Mlenda siuwezi, unanigomea, unatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Jana nimegundua kwamba tangu asubuhi mpaka jioni mtu niliyezungumza naye ni mtangazaji wa redio, na yeye hakujibu. Watoto wa shule wakipita wananiambia "Shikamoo, Mwalimu", nami naitikia "Marahaba" kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, ili niisikie.

Lakini nianze na yale mazuri, maana yalikuwepo.

Ulikuwa darasa la tano. Ulichukua daftari langu la maandalio ya somo, ukakaa nalo kizingitini, ukaniuliza, "Baba, hili neno 'get' kazi yake nini? Kila ukurasa lipo." Nikajaribu kukueleza. Nikasema ni kupata. Ukaonyesha mstari wa chini: hapa si kupata, hapa ni kufika. Na hapa ni kuwa. Na hapa ni kuelewa. Ukaniangalia kwa yale macho yako ya kuhukumu, ukasema, "Kwa hiyo linafanya kazi za wenzake wavivu." Loo! Nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko wake kuuliza kuna nini. Nikamwambia mtoto anauliza neno la Kiingereza lenye maana nyingi. Akasema, "Basi ni kama panga langu hili. Kuni nakata nalo, kuku nachinja nalo, na mtu akinichokoza pia ninalo."

Siku ile ndipo ulipoanza mchezo wetu. Asubuhi ukinawa uso pale kwenye ndoo, mimi nakupa sura moja ya neno lile: "get up", "get on", "get off", moja tu kwa siku. Kabla jua halijazama uniletee sentensi. Na sentensi ya kubuni haikubaliki. Iwe imetokea kweli, leo, na umeiona kwa macho yako. Mama yako, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, ndiye aliyekuwa hakimu. Ulimtafsiria, naye akauliza, "Limetokea kweli?" Ukisema ndiyo, unapewa ukoko. Kwa sheria hiyo, zile sentensi ninazokupa kila Jumapili zingekosa ukoko zote.

Ya kwanza ilikuwa "get up", kuamka. Ukaja jioni ukasema jogoo wa Mzee Lameki ameamka kabla yako na umechukia. Mzee Lameki, jirani yetu, alikuwa amekaa hapohapo, akasema jogoo wake hajui Kiingereza, asihusishwe.

"Get on" na "get off", kupanda na kushuka, tulijifunza juu ya baiskeli. Nilikubeba kwenye keria kila siku, nakushusha shuleni kwako kisha naendelea sekondari kwangu. Asubuhi ile tulipofika korongoni, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, tukaruka wote wawili, mimi huku, wewe kule, chaki zangu zimetapakaa kama meno. Ukasimama, ukajikung'uta sketi, ukasema, "Baba, leo tume-get off bila kuambiwa." Sikujua kama nikusahihishe au nikukumbatie. Nilikusahihisha. Ndivyo nilivyokuwa.

"Get along with", kuelewana na mtu. Jioni ulimwambia mama yako kwa Kiingereza, kisha ukamtafsiria: "Mama anaelewana na watu wote isipokuwa mbuzi." Akauliza swali lake la siku zote, limetokea kweli, halafu akajijibu mwenyewe, "Limetokea. Lakini mbuzi ndiye aliyeanza."

Na ile ya Makutupora unaikumbuka? Tulikwenda kumtembelea mjomba wako wakati wa kuvuna zabibu. Asubuhi nilikupa "get away with", kufanya kosa usikamatwe. Jua linataka kuzama, ukanijia mdomo umebadilika rangi, ukasema sentensi safi kabisa, kwamba umekula zabibu za mjomba kwenye kapu na hakuna aliyekukamata. Nikakwambia, "Sentensi ni sahihi, lakini kwa kuisema umeiharibu." Mjomba alicheka, akakupa kishada kingine.

Naandika haya nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kuku mmoja amesogea kuchungulia.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Nimechelewesha makusudi, umeona.

Ulipofaulu kuingia sekondari ukapangiwa shule yangu. Nilijivuna, sitaficha. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nimeleta kile kibao. Wasomaji wengine wanakijua, wengine walikivaa. Kwa asiyejua: ni kipande cha ubao, nilichongesha kwa fundi, nikaandika juu yake kwa rangi nyeupe kwamba mimi nimesema Kiswahili, kikatobolewa na kufungwa kamba ya katani. Anayekamatwa akisema Kiswahili ndani ya uzio wa shule anavalishwa shingoni. Anakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho, anabaki kuchota maji ya walimu. Mkuu wa shule alinisifu kwenye kikao. Na matokeo ya Kiingereza kweli yalipanda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kilifanya kazi.

Wewe hukuwahi kukivaa. Kiingereza chako kilikuwa chepesi mno, kama mtu anayetembea uani kwao. Wenzako wakaanza kunong'ona kwamba unaachiwa kwa kuwa wewe ni mtoto wa Mwalimu. Minong'ono ikafika ofisi ya walimu, mwenzangu mmoja akanitania mbele za watu. Nikakasirika. Nikasema moyoni, nitawaonyesha siku moja kwamba mimi sina mtoto darasani. Siku yenyewe ikaja kwa miguu yake.

Ilikuwa Oktoba, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, jua lile la kwetu linalopasua hata mawe. Kwa njia ya mkato nyumbani si mbali, ulikuwa umekwenda kumwangalia mama yako kwa sababu asubuhi alilalamika kichwa. Mimi nilikuwa ubaoni. Nilikuwa nafundisha neno lilelile letu, nimelichorea safu, sura zake zote kuanzia juu mpaka chini, mwandiko wangu mzuri. Kipindi kimeshaanza. Ukatokea mlangoni, vumbi mpaka magotini, unahema. Ukasema, "Baba, mama haamki."

Maneno matatu. Hata mtoto wa chekechea angeyaelewa. Na mimi nilisikia nini? Nilisikia Kiswahili. Nilisikia "baba" ndani ya darasa. Nikaona umechelewa kipindi, nikaona darasa zima linanitazama kuona nitafanya nini na binti yangu. Nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba mama yako amejilaza na maumivu yake ya kichwa na wewe umepata kisingizio. Nikakujibu kwa Kiingereza kwamba humu hakuna baba, na kwamba lugha hiyo inabaki getini. Nikakwambia useme upya, kwa Kiingereza.

Ukafungua mdomo. "Sir, my mother..." Ikaishia hapo. Wewe, uliyekuwa unaniletea sentensi kila jioni! Nikaona macho yako yanapita juu ya ubao, yanashuka safu kwa safu, yanatafuta. Neno ulilokuwa unalitaka lilikuwa mstari wa kwanza kabisa, ndilo nililokupa kwenye ndoo ukiwa darasa la tano. Macho yakapita juu yake kama vile halipo. Sasa naelewa. Mtoto aliyetoka kumtikisa mama yake sakafuni, hawezi tena kusoma ubao. Wakati ule sikuelewa. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikachukua kibao mezani nikakuvisha. Nikakusimamisha pembeni ya ubao, nikageuka, nikaendelea kufundisha.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilifundisha sura nne au tano. Ulikuwa unalia bila sauti, nami nilijiambia ni machozi ya aibu, yatakufaa.

Kisha Mzee Lameki akasimama dirishani, baiskeli yake bado mkononi. Hakubisha hodi. Alisema, "Mwalimu, mkeo ameanguka, hajitambui. Tumemtuma mtoto muda mrefu. Kwani hajafika?"

Ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa kama mtu aliyepigwa nyundo ya kichwa. Gari la kuazima, hospitali, kiharusi. Upande wake wa kulia ukafa, na maneno yake yakawa ya kuvutwa moja moja, kama maji ya kisima kirefu. Daktari aliniambia, "Mngewahi kidogo..." halafu akaitwa wodi nyingine, hakumaliza. Pengine alitaka kusema ingesaidia. Pengine alitaka kusema isingesaidia kitu. Nimeimalizia sentensi ile kwa njia zote mbili, usiku na mchana, kwa miaka kumi na sita.

Jioni ileile, kwenye benchi nje ya wodi, nilikuuliza, "Umekula?" Nilikuuliza kwa Kiswahili, tena kwa upole. Ukanitazama, ukajibu, "Yes, Sir. I have eaten." Ulikuwa hujala. Niliona.

Tangu hapo ni hivyo hivyo.

Na sikia upumbavu wa baba yako: nilijisifu! Mwezi ule, na mwaka ule, nikawaambia wenzangu ofisini kwamba binti yangu hata nyumbani ananisemesha Kiingereza, hataki mchezo. Wakanionea wivu. Mmoja akaniuliza nimefanyaje, watoto wake wanakataa. Nilidhani umeamua kuwa mwanafunzi bora kwa sababu umepata funzo. Eti funzo.

Nilianza kushtuka jikoni. Ulikuwa unamlisha mama yako, mnaongea Kigogo, mnacheka. Yeye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka. Nikaingia kuchukua kibiriti. Kicheko kikakatika kama kamba. Ukasimama, "Good evening, Sir." Nikatoka bila kibiriti. Nikakaa nje gizani, nikasikia mnaanza tena, taratibu.

Nilielewa kabisa siku ya mahafali yako ya chuo, kule ukumbi wa Chimwaga. Tulimleta mama yako kwa kiti cha magurudumu, kumbuka tulivyohangaika na zile ngazi. Baadaye tulipokusanyika wana ukoo kula, ukasimama kushukuru. Ulimshukuru mama kwa Kigogo mpaka shangazi zako wakapiga vigelegele. Ukawashukuru wajomba na Mzee Lameki kwa Kiswahili, kwa utani, watu wakafurahi. Ukanigeukia mimi, ukasema kwa Kiingereza kizuri mno kwamba unanishukuru kwa yote niliyokufundisha. Watu wakapiga makofi, wakaona ni heshima ya msomi kwa mwalimu wake. Mama yako peke yake aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Leo wewe ni mkalimani. Watu wakubwa wanakaa kwenye mikutano hapo Dodoma, wewe unachukua Kiswahili cha mmoja unampa mwingine kwa Kiingereza, na unachukua Kiingereza cha huyu unampa yule kwa Kiswahili. Unasema lugha zote na watu wote. Mimi nimebaki na moja.

Utaniuliza, kwa nini hukuniomba radhi mapema? Kiburi, mwanangu, sina jina jingine. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza stendi, ulipokuwa unaondoka kwenda chuo. Nikasema, "Perisi, siku ile..." Ukasema, "The bus is leaving, Sir." Basi lilikuwa bado linapakia magunia. Mara ya pili nilikuandikia barua, nikaiandika kwa Kiingereza, nikaisahihisha mara tatu, nikaona imekuwa insha. Nikaichana. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu sina bado, huyo ndiye wa kwanza, na amekua tunaishi naye nyumba moja.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Mwaka jana, wiki chache kabla mama yako hajatutoka, nilikuwa namlisha uji wa uwele. Jua la asubuhi, tumekaa uani. Nikaweka bakuli chini nikamweleza yote. Nilikuwa sijawahi kumwambia, na nilijua wewe hukumwambia, maana asingeendelea kunitazama vile. Nilimwambia juu ya mlango, kibao, zile sura nne au tano nilizofundisha yeye akiwa sakafuni. Nililia, Perisi. Mzee mzima, uji unapoa.

Mama yako alisogeza bakuli pembeni. Kisha akasema, neno kwa neno, na mapengo yake, "Nilijua. Tangu wiki ileile. Watoto wa shule walisimulia. Nilikuwa nakusubiri useme."

Miaka kumi na tano alinisubiri! Kila siku namwogesha, namgeuza, namchana nywele, naye anasubiri. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akakataa. Akatikisa kidole cha mkono ule mzima, akasema, "Usiniombe mimi. Mimi nililala chini, sikujua kitu. Aliyesimama ni mtoto. Kamwombe yeye. Na umwombe kwa lugha aliyokujia nayo."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia Jumapili ukipiga nitasema. Jumapili ukapiga, "Good afternoon, Sir," na mimi, mwalimu wa lugha kwa miaka thelathini na moja, nikasema naendelea vizuri. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu tulikuwa msibani.

Ulikuja, ukafanya yote yanayopasa. Ulipika na wanawake, ulilala chini na shangazi zako, ulilia Kigogo kaburini mpaka watu wakakushika. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nikasikia sauti yako, nikatamani kuvuka zile hatua kumi. Sikuvuka. Tulipoanua matanga ulinipa begi la dawa na maelekezo yake yameandikwa, ukapanda bodaboda kwenda stendi. "Goodbye, Sir. Please take them after meals." Nazinywa baada ya chakula. Angalau hilo nimelitii.

Jambo lililonifanya niandike leo ni hili. Wiki iliyopita nilipita shuleni kuomba mbegu za alizeti kwa mwalimu wa kilimo. Nikamwona binti amesimama nje ya darasa, kibao shingoni. Si kile changu, hiki kipya, kimepigwa vanishi kabisa. Nikaingia ofisini, nikawaomba walimu vijana wakiondoe. Wakacheka kwa heshima. Mmoja akasema, "Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyekianzisha? Tunakuenzi." Nilifungua mdomo kujibu, na ndipo nilipojua yaliyokupata siku ile. Neno lilikuwepo, nilikuwa nalijua tangu utoto, na halikutoka. Niliondoka, mbegu nikazisahau.

Kwa hiyo nalijibu hapa, gazetini, ili wasome. Walimu wangu, wanangu, kiondoeni. Fundisheni Kiingereza, kifundisheni sana, ni lugha tamu na mimi nimeipenda maisha yangu yote. Binti yangu alijifunza kwa ukoko na kicheko kabla sijaleta kile kijibao, na hakuna aliyemshinda. Msimwambie mtoto aliyekimbia kuja kwenu kwamba aanze kwanza kutafuta maneno.

Na ninyi mliokuwa Kidato cha Pili mwaka ule: Perisi hakushindwa siku ile. Aliyeshindwa alikuwa ubaoni.

Perisi, nimekosa. Nilikuwa baba yako, nikakataa kuwa baba yako, wakati uliponihitaji kuliko siku zote. Sikukuamini. Nilikuaibisha ili watu wanione mwenye haki. Mama yako alikuwa anakufa, nami nilikuwa nasahihisha. Nisamehe. Nasema hivyo kwa Kiswahili, na Kiingereza chake sitaki kukitafuta.

Sijui utafanya nini ukisoma hapa. Huenda utakunja gazeti uendelee na kazi, nami Jumapili nitasikia "Good afternoon, Sir." Nikisikia hivyo nitaitikia, nitakunywa dawa zangu, sitakulaumu. Kimya chako umekilipia tangu utoto, ni haki yako.

Lakini ukiona inawezekana, njoo nyumbani. Usinipigie, njoo. Nigombeze. Nigombeze kwa Kiswahili, nigombeze kwa Kigogo, nitukane ukitaka, nitakaa kimya nisikilize mpaka umalize, na sitasahihisha neno. Na kama hasira haitatoka, basi kaa tu hapa uani na mimi. Mama yako ana mwaka mzima ardhini, Perisi, na wewe na mimi tulimzika pamoja, lakini hatujamlilia pamoja hata siku moja.

Ni mimi,
Baba yako
Mpwapwa